Ubingwa Unapokuwa Mzigo: Raga ya Ridhaa Kutoka Stirling Hadi Embu na Meru

Mwezi uliopita nilikuwa ndani ya matatu kutoka Embu kwenda Meru. Pembeni yangu aliketi kijana mwenye shingo nene kama ya ndama, viatu vyake vya njumu vimefungwa kamba na kuning'inia kwenye begi. Nilimuuliza kama ni mchezaji wa kandanda. Akacheka. "Hapana mzee, mimi ni wa raga." Nikamuuliza msimu wao unaendaje. Akasema wanaongoza kundi lao. Nikampa hongera. Hapo ndipo aliponishangaza.

"Mzee, tukishinda tumeisha."

Mimi ni mtu wa Pwani niliyekuja huku juu kwa ajili ya kazi, na raga nimeifuata tangu ujana wangu Mombasa. Najua timu inayoogopa kushindwa. Timu inayoogopa kushinda sikuwa nimekutana nayo. Kabla hatujafika Chuka alikuwa amenieleza mambo ambayo sisi mashabiki hatuyaoni kwa sababu tunatazama mchezo kuanzia kipenga cha kwanza hadi cha mwisho, kisha tunakwenda zetu nyumbani. Makala hii ni ya kueleza maana ya maneno yake, na kwa nini jambo hilo hilo lilizipata klabu zilizo mbali sana na Embu.

Kwa wasioifuata raga, nianze na machache. Kila upande una wachezaji 15 uwanjani na kwa kawaida 8 wa akiba, jumla 23. Mechi ni dakika 80. Trai ni pointi 5, mkwaju unaofuata trai ni 2, penalti ni 3. Katika jedwali la ligi ushindi ni pointi 4, sare ni 2, na kuna pointi za nyongeza: moja kwa timu iliyofunga trai nne, na moja kwa timu iliyoshindwa kwa tofauti isiyozidi pointi 7. Ndiyo maana utaona timu iliyokwisha kushindwa ikipigana hadi sekunde ya mwisho kana kwamba kombe liko pale. Inatafuta ile pointi moja.

Hapa Kenya ngazi ya juu kabisa ni Kenya Cup, iliyoanza mwaka 1970. Chini yake kuna daraja la pili, na chini zaidi kuna ligi za mikoani ambako klabu nyingi ndogo na timu za vyuo huanzia. Anayeongoza hupanda. Kwenye karatasi ni jambo zuri. Unashinda, unapanda, unakutana na wakubwa.

Sasa chukua kalamu. Timu ya ridhaa, yaani timu ambayo wachezaji wake hawalipwi, inasafiri na watu 23 pamoja na kocha, msaidizi wake, meneja na mtu wa huduma ya kwanza. Hao ni 27. Maadamu wako Embu na mechi iko Kakamega au Kisumu, lazima walale. Tuseme basi dogo limekodishwa kwa shilingi 45,000 kwenda na kurudi. Chakula cha siku mbili kwa shilingi 1,000 kila kichwa ni 27,000. Kulala usiku mmoja mahali pa bei ya chini, shilingi 800 kila mmoja, ni 21,600. Safari moja imekula shilingi 93,600. Hizi ni hesabu zangu za mkono, si za klabu yoyote, na anayejua bei za kukodisha magari siku hizi ataniambia nimepunguza. Ligi yenye klabu 12, kila moja ikikutana na nyingine mara moja, ina mechi 11, na tano au sita kati ya hizo ni za ugenini.

Upande wa mapato, tuseme klabu ina wanachama 30 na kila mmoja anatoa shilingi 500 kwa mwezi bila kukosa, jambo ambalo halijawahi kutokea katika klabu yoyote ninayoijua. Kwa miezi sita ni shilingi 90,000. Haitoshi safari moja.

Kule chini kwenye ligi za mikoani, timu ya Embu inacheza na jirani. Wanatoka asubuhi, wanakula mkate na soda, wanarudi jioni. Ushindi ndio unaowaondoa kwenye gharama wanayoiweza na kuwatupa kwenye wasiyoiweza. Kijana wangu hakuwa anaogopa wapinzani. Alikuwa anaogopa nauli.

Nikamwambia kwamba hadithi yake ilikwisha kutokea Scotland. Alidhani namtania.

Huko Scotland, katika mji wa Stirling, kuna klabu inayoitwa Stirling County, iliyoanzishwa mwaka 1904. Uwanja wao unaitwa Bridgehaugh, uko kando ya mto Forth. Kwa miongo mingi hawakuwa watu wa kutajwa. Raga ya Scotland ilikuwa na wenyewe: miji midogo ya mpakani na Uingereza kama Hawick, Melrose na Gala, na klabu za Edinburgh zilizotokana na shule za matajiri. Ligi rasmi ya taifa ilipoanza mwaka 1973, Hawick walichukua ubingwa mara tano mfululizo. Stirling County walianzia madaraja ya chini, wakicheza na timu ambazo hata Waskoti wenyewe wengi hawazijui.

Walipanda. Daraja kwa daraja, mwaka kwa mwaka, wakiwategemea vijana waliowalea wenyewe tangu utotoni. Hili la vijana nalisisitiza kwa sababu ndilo lililowabeba. Walipofika daraja la kwanza waliwakuta Melrose, ambao walikuwa wamelibeba taji msimu wa 1992, 1993 na 1994. Msimu wa 1994–95 Stirling County wakawapokonya. Klabu iliyoanzia chini ikawa bingwa wa Scotland, na wachezaji wake walikuwa watu wa kazi zao: huyu shambani, huyu ofisini, huyu darasani, mazoezi jioni, Jumamosi mechi. Mmoja wao, Kenny Logan, mtoto wa mkulima wa karibu na mji huo, alikuwa tayari anaichezea timu ya taifa.

Walipata muda gani wa kulifurahia taji? Kiangazi kimoja.

Mwishoni mwa Agosti 1995, wakuu wa raga ya dunia walikutana Paris wakatangaza kwamba raga si mchezo wa ridhaa tena. Mtu yeyote sasa angeweza kulipwa. Ili uelewe ukubwa wa tangazo hilo, lazima ujue lililokuwapo kabla. Kwa karibu miaka mia moja raga ya wachezaji 15 ilikataza malipo kwa ukali wa ajabu. Nahodha wa Uingereza Bill Beaumont, alipostaafu na kukubali pesa za kitabu cha maisha yake mwaka 1982, alihesabiwa kuwa amejitoa katika ridhaa, hivyo hakuruhusiwa hata kuwa kocha wa klabu. Kwa kitabu! Sasa mlango huo uliofungwa kwa kufuli ukafunguliwa ghafla, bila mtu yeyote kuwa na mpango wa nini kifuate.

Uingereza, matajiri walizinunua klabu na kuanza kulipa mishahara. Scotland haikuwa na matajiri wa namna hiyo, wala klabu za miji midogo zenye watazamaji wa kutosha. Melrose, mabingwa mara nyingi, ni mji wa watu kama elfu mbili hivi. Chama cha raga cha Scotland kikaamua kuwalipa wachezaji chenyewe kupitia timu nne za wilaya. Mwaka 1996 timu za Scotland zilipoingia katika mashindano ya klabu za Ulaya, walioingia ni hao wa wilaya. Klabu hazikuingia. Miaka miwili baadaye hata hizo nne zikaonekana ghali, zikaunganishwa zikabaki mbili, Edinburgh na Glasgow.

Basi waangalie mabingwa wetu. Taji lao la 1995 lilikuwa la mwisho la enzi ya ridhaa. Wamepanda ngazi zote hadi juu, na walipoweka mguu kwenye paa, nyumba ikaongezwa ghorofa nyingine ambayo ngazi yao haifiki. Wachezaji wao bora sasa walikuwa na bei. Logan muda si mrefu alihamia Wasps ya London. Melrose wakalichukua tena taji mwaka 1996 na 1997, lakini nalo halikuwa taji lile lile, kwa kuwa mchezaji mzuri wa klabu alikuwa anangoja kuitwa na timu ya wilaya inayolipa. Stirling County hawajawahi kuwa mabingwa tena hadi leo ninapoandika.

Hawakufa, lakini. Hili nilimwambia kijana mara mbili. Klabu ipo, Bridgehaugh ipo, watoto wa mji wanacheza pale kila wiki. Walishuka, wakapanda, mwaka 2019 wakawa miongoni mwa klabu sita za ligi mpya ya kati, nusu ridhaa na nusu malipo, nayo ligi hiyo ikavunjwa mwaka 2024 baada ya kukosa faida iliyotarajiwa. Wakubwa hubuni mipango, na klabu ndogo hubaki pale pale ikichora mistari ya chokaa uwanjani kila Ijumaa.

Kwetu Kenya, kisa kinachokaribia hicho ni cha Nakuru. Kwa miaka mingi Kenya Cup ilikuwa mali ya Nairobi: Nondescripts, klabu ya tangu 1923, Harlequins, Impala, timu ya Chuo Kikuu cha Nairobi iitwayo Mean Machine, baadaye benki ya KCB. Mwaka 2013 Nakuru, wanaojulikana kama Wanyore, wakalitoa kombe nje ya jiji kwa mara ya kwanza. Mwaka 2014 wakalirudia. Nawakumbuka mashabiki wa Mombasa wakishangilia ushindi ule kana kwamba ni wa kwao. Ilikuwa kama mtu amethibitisha kwamba kombe lina miguu, laweza kutembea.

Jina la mafuta ya kupikia lilibandikwa mbele ya jina la klabu. Baadaye katika mji huo huo ikatokea klabu ya pili, Menengai Oilers, yenye jina la kiwanda cha mafuta. Mji mmoja, wachezaji wale wale wa mji, klabu mbili. Wakati huo huo Kakamega ikaja na Kabras, inayobebwa na kiwanda cha sukari, wakatwaa kombe mwaka 2016. KCB wakalichukua 2017, 2018 na 2019, wakiwashinda Kabras kwenye fainali zote tatu. Kabras wakalirudisha 2022 na 2023. Nakuru hawajalishika tena tangu 2014.

Siwalaumu wenye viwanda wala benki. Bila wao wachezaji wengi wa Kenya wangeacha mchezo wakiwa na miaka 22. Lakini tuseme ukweli kuhusu namna raga yetu inavyolipa. Mshahara wa mchezaji wa Kenya kwa muda mrefu umekuwa kazi. Klabu yenye kampuni nyuma yake inaweza kumwambia kijana: njoo ucheze, utapata kibarua, posho ya mazoezi, na bima. Klabu isiyo na kampuni inamwambia: njoo ucheze, tutakuitia harambee ukivunjika. Kijana mwenye mama anayemtegemea kule Runyenjes au Maua atachagua nini? Nami ningechagua hivyo hivyo. Kwa hiyo msimu mzuri wa klabu ndogo ni kama soko la mifugo la Jumamosi. Umewalisha, wamenona, wanunuzi wamewaona.

Timu za vyuo, ambazo ndizo nguzo ya raga huku Embu, Chuka na Meru, zina tatizo jingine juu ya hilo. Chuka na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru walipata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2013, Embu mwaka 2016. Ni vyuo vichanga, na vimeleta maelfu ya vijana katika miji ambayo zamani mwenye umri wao alikuwa ama shambani ama amekwenda Nairobi. Hao ndio wanaocheza. Lakini mwanafunzi hukaa miaka minne. Wa mwaka wa kwanza anajifunza kusimama kwenye skramu bila kuumia, wa pili anaanza kuchezeshwa, wa tatu ni mchezaji, wa nne anafikiria kazi ya mradi na mahafali. Timu ya chuo ikishinda ligi, tujue imeshinda kwa sababu kundi fulani la mwaka wa tatu na wa nne limekutana vizuri. Mwaka unaofuata nusu yao wamevaa joho. Ndiyo maana nawastahi sana Mean Machine wa 1977, waliochukua Kenya Cup mwaka ule ule walioanzishwa. Walifanya haraka kabla ya mahafali!

Mtu anaweza kuuliza kwa nini raga ilichelewa huku. Jibu liko njiani hapo hapo tulipokuwa tunapita. Ukivuka Chuka unakaribia Chogoria, ambako Waskoti wa Church of Scotland walijenga misheni na hospitali kuanzia 1922 chini ya daktari Archibald Irvine. Waskoti walikuwapo huku, tena kwa miaka mingi. Walileta dawa, shule na kanisa. Raga hawakuileta. Mchezo huo ulikaa kwenye klabu za masetla za Nairobi na Bonde la Ufa, na kwenye shule za watoto wa Wazungu ambazo leo ni Nairobi School na Lenana. Mwafrika aliukuta baadaye, alipofunguliwa milango ya shule hizo. Kwa hiyo Nakuru walikuwa na uwanja na jengo la klabu tangu enzi hizo. Embu na Meru wameanza na shamba la chuo na milingoti ya kuchomelea.

Viwanja vya kupendeza vipo, sikatai. Kinoru pale Meru ulifanyiwa ukarabati mkubwa kwa ajili ya michuano ya kandanda ya CHAN ya 2018, ambayo Kenya ilinyang'anywa Septemba 2017. Ukatumika kwa sherehe ya Madaraka ya 2018. Uwanja wa Moi hapa Embu nao ukapambwa kwa Madaraka ya 2023. Mwananchi ana haki ya kujivunia. Lakini mkimbiaji na mwanaraga wa Jumanne jioni hahitaji jukwaa la rais. Anahitaji nyasi, maji ya bomba, taa mbili na lango lisilofungwa kwa kufuli.

Jambo lililonigusa zaidi katika mazungumzo yetu halikuwa pesa. Tulikuwa tunateremka kuelekea daraja la Nithi. Msomaji wa Mombasa halihitaji kuelezwa daraja hilo. Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Kijana alinyamaza hadi tukavuka. Kisha akasema timu yao husafiri usiku ili kuokoa pesa za kulala.

Hapo nikaelewa ile hesabu yangu ya 93,600 inavyokatwa. Klabu isiyo na pesa haikati basi, kwa sababu bila basi hakuna mechi, na asiyefika anapoteza pointi. Inakata kitanda. Wachezaji wanaondoka usiku, wanafika asubuhi wamekunjamana, wanaingia kwenye skramu na watu waliolala vizuri. Usiku huo huo wanarudi. Kisha inakatwa huduma ya kwanza: badala ya mtu aliyefunzwa anakuja mchezaji wa akiba na mkebe wa barafu. Raga ni mchezo wa kugongana. Mwongozo wa dunia unasema mchezaji anayeshukiwa kuwa amepata mtikisiko wa ubongo aondolewe uwanjani mara moja asirudi siku hiyo, na mchezaji wa ridhaa kwa kawaida akae nje wiki tatu. Nani atamtambua ikiwa hakuna aliyefunzwa kumtazama? Na nani atamzuia, ikiwa wamekuja watu 18 tu kwa sababu nauli ilitosha watu 18?

Nikiulizwa nini kifanyike, nitasema ninavyoona mimi, na mwenye hoja bora aniandikie.

Kwanza, kabla ya jezi mpya, bima. Nimeona mwanasiasa akikabidhi jezi mbele ya kamera mara nyingi, na sijaona akikabidhi kadi za bima ya ajali hata mara moja. Jezi zina picha nzuri. Lakini ni bima ndiyo itakayomfanya mama aliye Maua amruhusu mwanawe arudi uwanjani. Kaunti ambayo imetumia pesa kwa viti vya uwanja haiwezi kushindwa na bima ya vijana arobaini.

Pili, klabu zijue kwamba kupanda daraja si lazima kuwe mwaka huu. Najua wengi watanipinga, maana mchezo bila tamaa si mchezo. Lakini Stirling County walichukua zaidi ya miaka 20 kutoka ligi ilipoanza hadi taji, na kila ngazi waliyopanda walikuwa na watoto nyuma yao wa kujaza nafasi. Timu isiyo na timu ya pili ikipanda itarudi mwaka unaofuata na madeni juu. Afadhali chuo kishirikiane na mji: vijana wa shule za sekondari, wanafunzi, na wale waliohitimu wakabaki kufanya kazi Embu au Meru, wote klabu moja. Mwanafunzi akihitimu, klabu isihitimu naye.

Tatu, na hili linanifurahisha kulisema, pesa za klabu ndogo zina dawa moja ya zamani sana. Mwaka 1883 klabu ile ile ya Melrose ilikuwa imeishiwa. Mchezaji mmoja aliyekuwa muuza nyama, Ned Haig, akapendekeza waandae mashindano ya siku moja wakusanye kiingilio. Lakini kwa siku moja huwezi kucheza mechi nyingi za watu 15, kwa hiyo akapunguza wachezaji wakawa saba kila upande na muda ukafupishwa. Ndivyo raga ya wachezaji saba ilivyozaliwa: kwa sababu ya sanduku tupu la klabu ya kijijini. Mchezo huo huo ndio ulioipa Kenya taji la Singapore Aprili 2016, tulipowafunga Fiji 30-7 chini ya kocha Benjamin Ayimba, ambaye sasa ni marehemu. Na sisi wa Pwani tuna Driftwood, mashindano yaliyozaliwa Malindi kabla ya kuhamia Mombasa. Kila anayejua Mombasa Sports Club siku ya Driftwood anajua biashara inayofanyika pale, kuanzia muuza mahamri na viazi karai hadi mwenye hoteli.

Nini kinazuia Embu au Meru kuwa na siku yao moja kwa mwaka? Hali ya hewa ni baridi ya kupendeza, ndizi na nyama ziko, vyuo vina watazamaji wa bure maelfu kadhaa, na barabara ya kutoka Nairobi ni kama kilomita 125 tu hadi Embu. Timu za Mombasa na Diani zingekuja. Vijana wetu hupenda safari ya baridi. Siku moja kama hiyo ikiendeshwa na watu waaminifu inalipa mabasi ya nusu msimu. Nasema waaminifu kwa makusudi. Sote tumeona sanduku la kiingilio likitoka uwanjani zito na kufika ofisini jepesi.

Kijana alinisikiliza, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Alisema yeye yuko mwaka wa nne. Wakishinda, hatakuwapo kwenye daraja la juu. Wadogo zake ndio watakaokwenda. "Lakini mzee, siwezi kucheza chini ya kiwango ili tusipande. Nitamwangalia nani machoni?"

Nikamuuliza basi anafanya nini. Akasema ameanza kuwaandikia waliohitimu kabla yake, mmoja mmoja kwa simu, kuwaomba kila mtu shilingi mia mbili kwa mwezi. Hadi siku ile walikuwa wamejibu kumi na mmoja.

Tulipofika Meru alishuka karibu na soko, akaning'iniza viatu vyake begani. Mechi yao, aliniambia, ni Jumamosi ya wiki inayofuata, saa nane mchana, ugenini. Walikuwa bado wanatafuta gari.